Thamani ya Nyumba Machoni pa Benki



Sisi watu wa reli tumezoea nyumba za kupanga. Sasa wengi wetu twaazimia kununua, wengine kule Kangemi na Dagoretti, wengine ghorofani Kileleshwa. Kabla ya kutia sahihi, yatupasa tuijue kazi ya mthamini.

Benki haikopeshi kwa bei aliyoitaja mwenye nyumba. Humtuma mthamini aliyeandikishwa kwa Sheria ya Wathamini, tena aliyemo katika orodha ya benki yenyewe. Ada yake twalipa sisi, lakini ripoti yake ni ya kuilinda benki. Yeye huangalia mipaka ya kiwanja, kuta, paa, maji na njia ya kuingilia, kisha hulinganisha na nyumba za namna hiyo zilizouzwa jirani. Mwisho huandika thamani ya soko, na pia thamani ya kuuzwa kwa haraka, ambayo ni ndogo zaidi.

Tufanye hesabu. Mwenye nyumba ataka shilingi 6,000,000, na benki hukopesha asilimia 80. Twadhani tutatafuta 1,200,000. Mthamini asema 5,000,000. Benki itatoa 4,000,000 tu, nasi twadaiwa 2,000,000. Zile 800,000 zilizozidi ndizo zimlazazo mfanyakazi macho.

Basi tushike mambo manne.

Kwanza, tuombe orodha ya wathamini benki kwanza, tusije tukalipa ada mara mbili.

Pili, mapatano ya kununua yaandikwe kwamba thamani ikipungua, arubuni itarudishwa.

Tatu, tupeleleze hati katika ofisi ya ardhi, na tuulize mpaka wa mto na wa barabara. Agosti 2018 jumba la Ukay Centre, Westlands, lilibomolewa kwa kuwa wakuu walisema limejengwa katika eneo la mto. Ukubwa wa jengo haukulisaidia.

Nne, tuijue haki yetu. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inaiamuru benki ifanye uthamini kabla ya kuuza nyumba ya mdaiwa, na itafute bei nzuri iwezekanayo.

Ndugu, fedha hizi ni jasho la miaka mingi. Asiyeelewa karatasi na ailete hapa tuisome pamoja kabla hajatia sahihi. Umoja ni nguvu.