Saa Haijui Kazi Imekwisha: Kuhusu Kazi za Kujirudia katika Seva

Mada ya leo ni namna programu ya seva inavyopangiwa kazi za kujirudia, kama kukusanya takwimu, kutuma ujumbe au kufunga hesabu za siku, bila mtu kuiamrisha kila mara. Hoja nitakayoitetea ni kwamba saa peke yake haifai kuwa ratiba. Ratiba ya kweli ni kumbukumbu ya kazi iliyokwisha kufanyika. Saa ni ya kuiamsha tu programu ikaitazame kumbukumbu hiyo. Mifumo mingi imejengwa kinyume: saa inaamuru, na hakuna anayeuliza kama kazi ya jana ilikamilika.

Ushahidi wa kwanza uko hapa Kigoma, katika Ziwa Tanganyika. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazina nguvu tena ya kuwavuta, hivyo vyombo hupumzika kwa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni wastani wa siku 29.53. Tuseme tunataka seva ifungue daftari jipya la takwimu za mialo ya Kibirizi na Katonga kila giza linaporudi. Mwandishi wa programu akiweka “kila baada ya siku 29”, atawahi kwa nusu siku na kidogo kila mzunguko, na baada ya mizunguko 12 atakuwa amewahi kwa zaidi ya siku sita. Akiweka siku 30, muda huohuo utamkuta amechelewa kwa siku tano na nusu au zaidi. Hesabu yake ya kujumlisha haina kasoro. Amekosea kudhani kwamba muda uliopita unatosha kueleza hali iliyopo. Programu iamke kila siku, ikokotoe mwezi umefikia wapi, kisha iulize: giza limerudi? Na daftari la mzunguko huu limeshafunguliwa? Tena, mwezi si sababu pekee ya vyombo kupumzika: mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Programu isiyotunza kumbukumbu ingeona ukimya wa miezi mitatu bila kujua kama ziwa limefungwa au mtandao umekatika. Saa yenyewe pia ina mipaka yake: saa sita usiku ya Kigoma ni saa tano usiku Bujumbura, Kalemie na Mpulungu, na kwa seva inayofuata saa ya kimataifa ni saa tatu usiku, tarehe ikiwa bado ya jana. Basi amri ya kufunga ziwa “tarehe 15” haijakamilika mpaka itaje ni tarehe 15 ya wapi.

Uzito wa mada uko kwenye kazi zisizosubiriana. Seva ya leo kwa kawaida haisimami ikingoja jibu. Hutuma ombi, ikaendelea na mengine, na jibu likifika hulishughulikia. Ni mpango mzuri, ila unaficha hatari. Chukua seva inayoomba takwimu kila baada ya dakika 10 kutoka mialo ya mwambao wote wa ziwa, Kigoma hadi Kasanga. Siku mtandao ni mzito, majibu yanachukua dakika 14. Saa haina habari. Dakika ya kumi inaita tena, na sasa kazi mbili zinaandika samaki walewale. Tani moja inakuwa mbili, na ofisa anaamua jambo kwa kutegemea samaki ambao hawakuvuliwa. Tiba ya kwanza ni kuhesabu zamu ijayo tangu kazi iliyotangulia ilipoisha, si tangu ilipoanza. Seva zikiwa zaidi ya moja hilo halitoshi: lazima kuwe na kufuli katika hifadhidata, yaani alama kwamba kazi imeshashikwa na seva moja, tena kufuli lenye muda wa kuisha, maana seva iliyolishika inaweza kuzimika nalo. Tiba ninayoiamini zaidi ni kuipa kila rekodi utambulisho wa mwalo, chombo na usiku wake, ili ikiandikwa mara tatu ibaki ileile moja.

Kuna watakaosema kwamba cron, programu ya kupanga kazi iliyozaliwa ndani ya Unix miaka ya 1970, imetosha miaka yote hii. Kwa kufuta mafaili ya zamani imetosha kweli. Lakini kwa cron ya kawaida, mashine ikiwa imezimwa saa ya kazi, zamu hiyo imepotea. Ndiyo maana ikaundwa anacron, inayoandika tarehe ya mara ya mwisho kazi ilipofanyika na kufidia iliyokosekana. Mafundi wenyewe walikiri kwamba saa bila kumbukumbu haitoshi. Kigoma, mji ulioendeshwa kwa majenereta nje ya gridi ya taifa kwa miaka mingi, hauhitaji kuelezwa maana ya mashine kuzimika. Wengine watasema tununue mfumo mkubwa wa foleni za ujumbe, utatusaidia. Utasaidia, ila mifumo hiyo kwa kawaida huahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, na “angalau” hiyo inamrudishia mwandishi wa programu tatizo lilelile la kurudia.

Linabaki swali ambalo mashine haiwezi kulijibu: zamu iliyokosekana ifidiwe au iachwe? Takwimu za usiku tatu zilizopotea zifidiwe zote. Tahadhari ya dhoruba ya jana usiku isitumwe leo asubuhi hata kidogo, kwani itamtisha mvuvi bure na kesho hataiamini ya kweli. Uamuzi huo ni wa watu wanaoijua kazi, na hauna budi kuandikwa. Nawaomba walimu wa programu waanze na swali hilo kabla ya kufundisha namna ya kuandika ratiba ya cron, na ofisi zinazonunua mifumo zidai jibu lake kwa maandishi kabla ya kulipa.