Nani Anaamka Kwanza Ndani ya Kompyuta?

Hotuba kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya maendeleo, Matete



Nimeombwa niseme juu ya usalama wa kompyuta za vikundi. Najua wengine mmekuja mkitarajia nitaje ile programu ya kuua virusi iliyo bora kuliko zote, halafu twende tukanywe chai. Sitaitaja, kwa sababu kuna swali lililo kubwa zaidi: huyo askari wa virusi, awe wa kununua au wa bure, anaamka saa ngapi?

Ukibonyeza kitufe, kompyuta haiamki yote kwa mara moja. Kwanza huamka programu ndogo iliyoandikwa ndani ya bodi kuu. Mafundi wengi bado wanaiita bayosi, ingawa ya siku hizi jina lake ni UEFI. Hiyo hutazama kama kumbukumbu, kibodi na diski zipo, kisha humwita mwenzake aliye kwenye diski, ambaye kazi yake ni kuipandisha Windows. Windows ikishapanda ndipo inawaita wengine, na miongoni mwao ni huyo askari wetu. Basi askari ni kama wa tatu au wa nne kuamka, na kila anayeamka huamini aliyoambiwa na aliyemtangulia. Hapo ndipo penye shida.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza kirusi kilichoitwa Brain. Kilikaa katika sehemu ya kwanza kabisa ya diski laini, ile ambayo kompyuta husoma kabla ya kitu kingine chochote, na ile sehemu halali kikaisogeza pembeni. Tena kilikuwa kijanja. Mtu akitaka kukagua sehemu ya kwanza, Brain kilimletea ile halali iliyofichwa, aone mambo ni sawa. Yaani mkaguzi alikuwa anamwuliza mwizi, "Je, humu kuna mwizi?" Cha kuchekesha ni kwamba ndugu hao waliandika humo majina yao na namba za simu za duka lao. Waliokuja baadaye hawakuacha namba.

Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kingine, CIH, kilichoandikwa na Chen Ing-hau wa Taiwan, kilifuta diski za watu duniani kote, na katika mashine nyingine kikaharibu hata ile programu ya kwenye bodi. Mashine hizo hazikuwaka tena mpaka fundi ashughulikie chipu yenyewe.

Sasa wazee wataelewa dawa yake kuliko vijana. Batachoni na Wabukusu walijenga vijiji ndani ya kuta za udongo, kama pale Chetambe, Webuye, palipopiganwa na Waingereza mwaka 1895. Mlinzi alikaa langoni. Hakuna aliyemweka mlinzi nyumba ya mwisho kabisa akamwambia angoje adui aingie kwanza.

Kuanzia mwaka 2012, kompyuta mpya zilizotoka na Windows 8 zililetwa na mlinzi wa langoni. Kwenye skrini utaona jina lake, Secure Boot. Kazi yake ni hii: kabla hajamruhusu yeyote kuamka, anadai sahihi ya aliyemtengeneza. Sahihi hiyo haiandikwi kwa wino, ni hesabu. Programu nzima hukokotolewa ikatoa namba ndefu, na ukibadilisha herufi moja tu namba inakuwa nyingine kabisa. Sahihi haikubali tena, na mlango haufunguliwi.

Mashine nyingi zina pia chipu inayoitwa TPM. Huyu hamzuii mtu. Ni kama karani, anaandika namba ya kila aliyepita, na daftari lake halifutiki mpaka mashine izimwe. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, karani hatoi ufunguo kama namba za leo hazilingani na zile zilizokubaliwa. Ndiyo sababu kompyuta inaweza kukuuliza ghafla namba ya tarakimu 48. Usiingiwe na hofu. Pengine fundi amebadilisha kitu kwenye bayosi. Lakini kama hakuna aliyeigusa, uliza kwa nini kabla hujaendelea. Na namba hiyo muiandike kwenye karatasi, ikae katika faili pamoja na kitabu cha benki, siyo ndani ya kompyuta ileile!

Je, mlinzi huyu hashindwi? Anashindwa. Mwaka 2022 wahalifu walianza kuuza kwa siri programu mbaya iitwayo BlackLotus, kwa dola 5,000. Mwaka 2023 kampuni ya ESET ilithibitisha kwamba inapita Secure Boot hata kwenye Windows 11 iliyosasishwa. Ilibeba faili ya zamani ya Windows, yenye kasoro lakini yenye sahihi halali ambayo hakuna aliyekuwa ameifuta. Ni kama mtu aliyefukuzwa kazi akabaki na kitambulisho cha ofisi. Kwa hiyo mkiona mashine inaomba masasisho, mengine ni orodha ya vitambulisho vilivyofutwa. Najua bando ni ghali, lakini hilo msiliahirishe.

Na kuna jambo la pili, linalotuhusu zaidi, kwa sababu simu ni nyingi kuliko kompyuta. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba baadhi ya simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi za Afrika, Ethiopia ikiwamo, zilikuwa na programu mbaya za Triada na xHelper kabla hazijatolewa kwenye boksi. Zilikula salio na data, na zikamwandikisha mtu huduma za kulipia bila yeye kujua. Hata ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani, xHelper inarudi. Kampuni ya Transsion ilisema ziliingizwa na mmoja wa wanaoshiriki katika kuzitayarisha simu, na ikatoa marekebisho. Kina mama wanaouza mahindi watanielewa. Gunia lililofungwa vizuri linaonyesha kwamba halikufunguliwa njiani, lakini kama sumu kuvu iliingia kabla ya kushonwa, uzi hauwezi kukwambia.

Turudi hapa kwetu. Kompyuta zetu nyingi ni mitumba au za msaada. Mtu anampelekea fundi aweke Windows ya bure, na fundi akiona Secure Boot inamsumbua anaizima na kurudisha mashine bila kusema neno. Baadhi ya njia za kuitumia Windows 7 bila leseni zilifanya kazi hivyohivyo, kwa kujipenyeza kabla Windows haijaamka. Mimi naona hiyo si bure hata kidogo. Ndani ya mashine hizo kuna akiba ya wanachama, namba zao za vitambulisho na za simu, na kwetu sisi wa huduma kuna majina ya yatima na ya wagonjwa wanaotembelewa nyumbani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatudai sisi tuliopewa majina hayo. Fundi hatakuwapo siku hiyo.

Asiye na pesa ya leseni atumie Ubuntu. Ni halali, ni ya bure, na inakubaliana na Secure Boot ikiwa imewashwa. Hasa wale wenye mashine ambazo haziwezi Windows 11, maana Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuangalia ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha tafuta mstari wa Secure Boot State. Ukisoma On, mlinzi yuko langoni. Ukisoma Off, mwulize fundi alimwondoa kwa nini, na amrudishe. Ukishuku mashine imeingiliwa, usimtegemee askari aliyelala nyumba moja na mwizi. Ndani ya mipangilio ya Microsoft Defender kuna ukaguzi wa Offline: mashine inajizima, inawaka, inajikagua kabla Windows yako haijaamka, kama dakika 15 hivi. Ikishindikana, tengeneza flashi ya ukaguzi kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, uwashe kwa hiyo. Kama tatizo limeingia ndani ya bodi yenyewe, kufuta diski hakusaidii, wala kununua diski mpya. Hapo ni kuweka upya programu ya bodi kutoka kwa mtengenezaji, au kuiacha mashine hiyo.

Kwenye meza ile ya nyuma ziko kompyuta tatu. Mbili zinasoma On, moja Off, na sitawaambia ni ipi. Njooni tuitafute kabla stima haijapotea.