Wenyewe ni Akina Nani? Maneno kwa Wanachama Wapya

Ndugu wanachama wapya, na ninyi wa zamani mliokuja kusikiliza,

Maneno haya tuliyasema ghalani siku ya mkutano. Mvua ilipiga mabati, waliokaa nyuma hawakusikia hata nusu. Kwa hiyo tumeyaandika hapa ukutani ili kila mtu ayasome kwa nafasi yake, na anayejua kusoma amsomee asiyejua. Tunaomba karatasi hii isichanwe kusokotea sigara kama ilivyofanyiwa ile ya mwezi uliopita.

Basi tuanze. Mwaka huu tumewapokea wenzetu wengi. Wengine mmetoka upande wa Sumbawanga, wengine Ileje. Wengine ni akina dada mlioolewa hapa. Wengine ni vijana wetu wenyewe mliomaliza kidato cha nne, mkajaribu kubeba mizigo pale mpakani Tunduma, mkaona afadhali jembe. Wote karibuni. Kiingilio mmelipa, hisa mmenunua, majina yenu yamo daftarini.

Lakini kuna jambo limetusumbua. Kila tukimwuliza mmoja wenu maoni yake, jibu ni lile lile: "Mimi mgeni bwana, mambo ya siasa nawaachia wenyewe." Hilo neno "wenyewe" ndilo lililotufanya tusimame leo. Wenyewe ni akina nani?

Tuchukue kwanza huo ugeni. Hapa kwetu, ukianza kuwahesabu wageni utachoka. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Tunduma na kuvuka kwenda Kapiri Mposhi, na iliwaleta watu wa kila kabila. Wapo waliokuja kwa ajira, wakaona udongo, hawakurudi. Wapo waliofuata kahawa ya Mbozi. Hata Wanyamwanga, ambao ndio wenyeji wa Tunduma, waligawanywa na mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza, ndugu mmoja akajikuta Tanganyika na mwingine Rhodesia ya Kaskazini, bila hata mmoja wao kuhama. Mkoa wenyewe wa Songwe umezaliwa juzi tu, mwaka 2016, tulipotengwa na Mbeya. Sasa katika nchi ya namna hii, mtu anayesema "mimi mgeni" anamwambia nani?

Halafu hilo neno siasa. Wengi mnalisikia mnafikiri ni bendera, gari lenye vipaza sauti, na watu kutukanana majukwaani. Mwaka 1972 TANU ilipotoa kule Iringa azimio la Siasa ni Kilimo, wapo wazee wetu waliocheka pembeni wakidhani wameongezewa matuta tu. Baadaye ndipo wakaelewa. Nani amepanga bei ya mahindi? Nani ameshika ufunguo wa ghala? Barabara ya kwenda shamba imetengenezwa upande wa nani? Anayeuliza hivyo yumo katika siasa, apende asipende. Zamani mtu wa namna hiyo aliitwa kada, siku hizi vijana wanamwita mwanaharakati. Sisi tunaona ni mkulima aliyefungua macho.

Tuwaambie habari moja ya hapa hapa. Wa zamani wanaijua, wavumilie.

Misimu miwili iliyopita alikuja mnunuzi wa mahindi, jina lake tunaliacha. Alikuja na lori lake na magunia yake, na ujazo wake ulikuwa ule tuliouzoea miaka yote: gunia likijaa linaongezwa juu, linafungwa kwa kamba mpaka linakuwa na kilemba. Lumbesa. Sisi tulikuwa tunapanga foleni tu. Dada mmoja, aliyeolewa hapa hata mwaka haujaisha, akanyosha mkono. Akasema, "Samahani wazee, mimi mgeni. Kule nilikotoka gunia ni debe sita. Hapa nimehesabu saba, na la nane limeanza. Hizo debe za juu analipia nani?"

Kimya. Halafu mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hivi huyu binti kaletwa na nani?" Mzee huyo ni mmoja wetu sisi tunaoandika maneno haya, na ameturuhusu tuiandike aibu yake.

Mnunuzi alicheka. Lakini swali halikuondoka. Jioni ile watu walihesabu majumbani mwao debe walizokwisha kutoa bure tangu waanze kuuza, na wengine hawakulala. Tukatuma wawili wakaulize kwa watu wa vipimo, wakarudi na jibu kwamba sheria inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Tukachangishana tukanunua mizani. Msimu uliofuata tukamwambia mnunuzi: kwa kilo, au basi.

Akaondoka. Hapo tusidanganyane, tulipata taabu. Wiki mbili hakuja mtu. Mahindi yamekaa, ada za shule zinadaiwa, akina mama wanatuuliza kama mizani inaliwa. Wapo waliomwuzia usiku kwa njia ya nyuma, tunawajua, na tunakaa nao humu humu. Wiki ya tatu akaja mnunuzi mwingine akakubali kilo. Tangu hapo mizani ile haijaondoka mlangoni.

Sasa tunawauliza ninyi wapya. Yule dada alikuwa na cheo gani? Hakuwa mjumbe, hakuwa katibu, hata kadi yake ya ushirika ilikuwa haijatoka. Alihesabu debe, akasema alichokiona. Na alikiona kwa sababu alikuwa mgeni. Sisi macho yetu yalikwisha kuzoea kilemba cha gunia tukadhani ndivyo Mungu alivyoliumba.

Jambo hili siyo jipya katika nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma waliona kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Hawakuanza kwa maandamano. Walitafuta vijana wanaojua kusoma namba, wakawachangia ujira, wakawaweka wasimame kando ya mizani siku ya kuuza. Basi, kijana na penseli yake. Kutoka hapo vikatokea vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani. Tena ni miaka ile ile ambapo serikali ya kikoloni iliizuia TANU isifanye kazi Usukuma, tangu mwaka 1954 hadi 1958. Chama kikafungiwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kujifunza kukaa pamoja, kuhesabu na kuuliza. Hilo halikuwa na ofisi ya kufungwa.

Na kule Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alipoingia TANU mwaka 1954 hakuwa msomi. Shule alisoma miaka michache tu. Alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma. Alikwenda kwa wanawake wenzake wa vikundi vya ngoma, mlango kwa mlango, na wakajaa chamani hata wanaume wakashangaa. Akina mama, tunawaambia hivi kwa sababu vikundi mnavyo. Mna vya kuweka na kukopa, mna kwaya, mna vya kusaidiana kwenye misiba. Msiseme hamjui pa kuanzia.

Tuseme pia upande wa pili, maana ushirika una makovu. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika, baada ya malalamiko mengi ya uzembe na wizi. Miongoni mwa sababu zilizoonekana, mojawapo ilikuwa wanachama wenyewe kutoelewa mambo ya chama chao. Walileta mazao, wakapokea hela, wakarudi nyumbani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Uamuzi huo haukutoka katika mkutano wa wanachama. Mpaka ilipokuja sheria ya mwaka 1982 ndipo vikaruhusiwa kuundwa upya. Kupe hachagui ng'ombe kwa rangi, jamani. Anakaa pale asipopapaswa.

Kwa hiyo mjue haki zenu, nazo ni fupi. Katika ushirika, mwenye hisa nyingi na mwenye chache wote wana kura moja moja. Katika kijiji, Mkutano Mkuu ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 haikutaja mzaliwa, imetaja mkazi. Ukiishi hapa, ukilala hapa, ukichota maji hapa, mkutano ni wako.

Na hapa ndipo tulipokuwa tunakuja.

Mnajua jinsi Tunduma inavyotanuka. Malori ya Zambia na Kongo yanapanga foleni, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa mwaka 2019 kila mwenye hela anatafuta mahali pa kuegesha magari na kujenga maghala. Sasa kuna maombi yamefika kijijini: linatakiwa lile eneo la bondeni, kuanzia kwenye kisima hadi barabarani, liwe uwanja wa malori. Hatusemi ni jambo baya. Pengine italetwa kazi, pengine kijiji kitapata mapato ya kumalizia darasa. Lakini ni kuuza au kukodisha? Kwa miaka mingapi? Kisima kitakuwa cha nani? Mafuta ya magari yatatiririkia wapi mvua ikinyesha? Hayo bado hatujayasikia yakijibiwa.

Na wanaolima bondeni ni nani? Ni ninyi. Sisi wa zamani tulichukua mashamba ya juu mapema, huo ndio ukweli. Ninyi mliokuja nyuma mkapewa bondeni, mkalifyeka, leo lina maharage na viazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu. Maana yake uamuzi utafanyika mkutanoni, mbele ya watakaokuwepo. Mkibaki nyumbani kwa kuwa ninyi ni wageni, shamba lenu litaamuliwa na watu ambao hawalimi pale. Hata sisi tunaosema maneno haya, mashamba yetu yako juu. Msitutegemee sana.

Tunawaomba mambo machache, siyo makubwa. Msitie sahihi karatasi tupu ya mahudhurio inayopitishwa mapema. Sahihi iwekwe siku ya mkutano, kwenye karatasi yenye tarehe na ajenda juu yake. Muhtasari ukisomwa, msikilize kama kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Mtu akijibiwa nusu, mwingine asimame aulize nusu iliyobaki, maana mtu mmoja akiuliza peke yake huitwa mkorofi, wakiuliza watano linakuwa swali la kijiji. Msitukane kiongozi. Mwenyekiti naye ni jirani yetu, ana mzigo, na mara nyingine anaamua vibaya kwa kuwa hakuna aliyemwambia vizuri. Wala msilete mambo ya vyama ndani ya ghala hili. Humu wamo wa vyama mbalimbali na wasio na chama, na mizani inapima wote sawasawa.

Wa zamani nao wana lao. Lile swali la "kaletwa na nani" tuliache. Tumelitumia sana. Mtu akisema neno lisilotupendeza tunamwuliza kabila lake na baba yake, badala ya kujibu alilouliza. Kijana mmoja alitulia mwaka mzima kwa sababu ya swali hilo, na siku alipofungua kinywa tukagundua kumbe alisoma uhasibu. Hasara ilikuwa ya nani?

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, hapa hapa ghalani. Wenye watoto wadogo waje nao, akina mama watatu wamejitolea kuwatunza pale nyuma kwenye mikaratasi. Asiyejiamini kwa Kiswahili aseme kwa Kinyiha au Kinyamwanga, tutamfasiria. Wanaolima bondeni wakutane Ijumaa jioni kwanza, wagawane maswali, ili Jumamosi wasikanyagane.

Yule dada wa debe saba ameombwa akae mbele aandike kila kitakachosemwa. Amekubali, ila ushirika umpe kalamu, maana yake imekwisha wino.

Ni sisi, Kamati ya Elimu ya Ushirika.