Jumatano Alasiri: Michezo katika Ratiba ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu



Kila mwaka wa masomo unapoanza tunawahimiza wanafunzi wapya washiriki michezo, kisha tunawakabidhi ratiba isiyowaachia saa hata moja ya kucheza. Jioni hii nitaisema ratiba hiyo. Uvivu wa vijana na simu zao nawaachia wengine. Wasemaji wake wapo wa kutosha.

Mfikirieni msichana aliyecheza netiboli ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, hadi timu ya mkoa. Sekondari mchezo ulikuwa na mwalimu wake na saa yake. Chuoni hakuna anayemkataza kucheza, ila kipindi chake cha mwisho kinakwisha saa kumi na mbili jioni, na Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa moja mwaka mzima. Hatuna zile jioni ndefu za kiangazi cha Ulaya. Akimaliza kubadili nguo giza limeshaingia, uwanja hauna taa, na kama amepanga nje ya chuo bado ana njia ya kurudi peke yake. Wavulana angalau hujibanza penye taa ya maegesho wakapiga chandimu. Ndiyo maana netiboli hufa kwanza, halafu tunaandika kwenye taarifa kwamba wasichana hawana mwamko.

Tunapowasifu wanariadha waliosoma, ni vizuri tukumbuke walisomea wapi. Mike Boit wa Kenya alipata shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ziarani Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya ikasusia Moscow. Olimpiki mbili zikampita bila kosa lake. Masomo hayakumpita: alisoma Marekani hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oregon, akaja kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Sally Kipyego alisomea uuguzi Texas Tech huku akizoa mataji ya vyuo, na mwaka 2012 akatwaa fedha ya mita 10,000 London.

Husemwa walifuata ufadhili. Ni kweli, na vyuo vile vilidai ushindi kwa pesa zao. Mfumo huo siutamani wote. Ninachokitamani ni kidogo zaidi: mazoezi yao yalikuwa na nafasi katika siku ya masomo, wala hawakuyaiba usiku.

Vyuo vingi vya Uingereza vimelitatua jambo hili kwa njia nyepesi. Jumatano alasiri huachwa bila vipindi, na mechi za vyuo huchezwa siku hiyo. Kuna timu ya kwanza, ya pili, hata ya nne, kwa hiyo anayecheza vibaya naye ana jezi. Mwingereza Roger Bannister alipokimbia maili chini ya dakika 4, Mei 6, 1954, alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Asubuhi alikuwa hospitalini London, kisha akapanda treni kwenda Oxford. Mazoezi aliyafanya saa ya chakula cha mchana. Saa hiyo, mtaniwia radhi kwa kuisisitiza, alikuwa nayo.

Najua jibu la kamati ya ratiba: wanafunzi ni wengi, kumbi ni chache. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini ratiba hiyohiyo hupinda bila taabu siku anapokuja mgeni rasmi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Alasiri moja, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, inatosha kufikia kiwango cha chini, ingawa ni bora dakika hizo zigawanywe.

Naomba basi ndaki moja ijaribu kwa semesta moja. Vipindi vya Jumatano alasiri vihamishiwe asubuhi za siku nyingine, hata kama itabidi tuanze saa moja. Sisi wahadhiri tutalalamika, kisha tutazoea. Mwishoni tusiulize tumeleta makombe mangapi. Tuulize ni wangapi walioingia uwanjani ambao hawamo katika timu yoyote ya chuo. Waamuzi watoke miongoni mwa wanafunzi wa elimu ya viungo, maana nao wanahitaji mafunzo kwa vitendo. Na viwanja vikigawanywa, netiboli ichague kwanza, mpira wa miguu usubiri.