Fundo Lazima Ligeuke: Kujifunza Lesi ya Kimtumbwi

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa parokia, Donholm, Nairobi)



  Najua wengine mlipanda matatu kabla jogoo hajawika ili mfike hapa saa tatu. Mmezoea kwamba mkitembelea kikundi, mnaonyeshwa ng'ombe wa maziwa, mizinga ya nyuki au shamba la sukumawiki. Sisi wa Donholm hatuna hayo. Wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga, na kibaraza kinatosha ndoo mbili na kamba ya nguo. Kwa hiyo leo tutawaonyesha kazi inayoingia ndani ya mfuko wa aproni.

Nikiuliza nani hapa anajua krosheti, nitaona mikono mingi. Vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunika redio na televisheni, hayo tumeyafanya tangu tukiwa wasichana. Na hiyo ndiyo shida. Sote tunajua kitu kimoja. Ukienda kuuza kitambaa kwa jirani, unamkuta jirani naye anashona chake. Kazi ninayotaka tujifunze leo ni ndugu ya krosheti, lakini haina sindano ndefu na si wengi wanaoijua hapa kwetu. Kwa Kiingereza inaitwa tatingi. Ni lesi inayofanywa kwa mafundo madogo, na chombo chake ni kidogo, chenye ncha mbili kama mtumbwi, na uzi umezungushwa ndani. Wajerumani wanaiita kazi ya kijimeli. Sisi katika kikundi chetu tunakiita chombo hicho kimtumbwi. Waitaliano wameipa kazi hii jina linalotokana na neno lao la kupiga gumzo, basi akina mama msicheke sana, mnajijua.

Vifaa

Usianze kwa kutumia pesa. Kimtumbwi cha kununua si rahisi kukipata madukani kwetu. Chukua mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia, ule wa plastiki ngumu. Kata kipande cha urefu wa sentimita 7 na upana wa sentimita 2. Kila mwisho, kata pengo kama mdomo wa samaki. Sugua kingo zote kwa msasa mpaka zisikwaruze uzi. Zungusha uzi kutoka mdomo hadi mdomo, lakini usijaze mpaka utokeze pembeni, kwa maana utachafuka na utakwama. Kadibodi ngumu pia inafaa kwa siku za kwanza.

Uzi uwe wa pamba uliosokotwa vizuri, ule wa krosheti. Kumbuka kwamba namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Anza na namba 10, mkono ukizoea uende namba 20. Sufu usiguse, inanyooka na kushikana. Ongeza mkasi, sindano ya kushonea na kikulabu chembamba cha krosheti. Basi.

Fundo lenyewe

Shika ncha ya uzi kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto. Pitisha uzi nyuma ya vidole vingine vilivyotanuliwa, uurudishe mpaka pale ulipobana. Sasa una duara mkononi. Kimtumbwi kiko mkono wa kulia.

Nusu ya kwanza: pitisha kimtumbwi chini ya uzi wa duara, ukirudishe juu yake. Nusu ya pili ni kinyume: kipite juu, kirudi chini. Nusu mbili zikikaa pamoja ndilo fundo kamili moja.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wengi huacha kazi na kusema ni ngumu. Ukishapitisha kimtumbwi, utaona uzi wa kimtumbwi ndio umezunguka uzi wa duara. Ukikaza hivyo, umeharibu. Inatakiwa kinyume: uzi wa duara ndio uzunguke, na uzi wa kimtumbwi ubaki umenyooka katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Utafanyaje? Legeza vidole vya kushoto kabisa. Halafu vuta kimtumbwi kulia mpaka uzi wake unyooke. Utaona kwa macho yako fundo likiruka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Likisharuka, weka mkono wa kulia imara bila kuusogeza, inua kidole cha kati cha kushoto, na fundo litateleza lenyewe hadi kwenye kidole gumba.

Mimi ilinichukua jioni tatu. Nilikuwa nakaza pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu nilifikiri fundo zuri ni la nguvu. Hapana. Mkono mmoja lazima ukubali kulegea.

Kuna njia mbili za kujijaribu. Ya kwanza, baada ya kila fundo vuta kidogo uzi wa kimtumbwi. Mafundo yakiteleza juu yake, uko sawa. Yakikwama, la mwisho halikugeuka, na ulifungue sasa hivi kwa ncha ya sindano. Ya pili ni ya wanafunzi wapya: fungia uzi mweupe wa kimtumbwi na uzi mwekundu kutoka kwa bunda, kisha huo mwekundu ndio uzungushe vidole vya kushoto. Mafundo yote yanatakiwa yawe mekundu. Ukiona jeupe, hapo ulikaza vibaya. Hata mwalimu akiwa mbali, rangi zitakuambia.

Pete, vitanzi na ukingo

Fanya mafundo kamili 5. Acha nafasi ya kama sentimita 1 ya uzi, halafu fanya fundo la sita. Lisukume likaribie wenzake, na ile nafasi itainuka kuwa kitanzi. Hicho ndicho pambo la lesi, na pia ndipo pete nyingine itashikia. Hesabu hivi: 5, kitanzi, 5, kitanzi, 5, kitanzi, 5. Jumla mafundo 20 na vitanzi 3. Sasa toa vidole, vuta uzi wa kimtumbwi polepole, na duara litajifunga kuwa pete.

Acha sentimita 1 ya uzi mtupu, uanze pete ya pili. Fanya mafundo 5. Badala ya kitanzi kipya, ingiza kikulabu katika kitanzi cha mwisho cha pete ya kwanza, vuta uzi wa duara utokeze kama tanzi dogo, pitisha kimtumbwi ndani ya tanzi hilo, kaza. Pete zimeshikana. Endelea kama mwanzo. Ukiendelea hivyo pete baada ya pete, una ukingo wa lesi wa kushonea kwenye kola, leso ya mkononi, gauni la ubatizo au kitambaa cha altare.

Kuna tofauti moja kubwa na krosheti ambayo lazima muijue. Krosheti ukikosea, unavuta uzi na yote inafumuka, unaanza upya. Tatingi pete ikishafungwa, imefungwa. Kuifungua ni taabu, na mara nyingi utaikata. Lakini faida iko hapo hapo: uzi ukikatika mahali pamoja kwa kufuliwa, lesi yote haifumuki. Kwa hiyo tunajaribu kabla ya kufunga.

Kosa langu

Naomba niwaambie jambo ambalo sipendi kulisema. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kikundi cha akina mama 12 katika mtaa mmoja wa huku Eastlands. Mikono yao ilikuwa mizuri kuliko yangu. Mwenye duka mmoja akaniambia anataka vitambaa vya meza vya krosheti, vingi. Tuliongea kwa mdomo tu. Nikafurahi, nikawapelekea habari, tukachukua uzi kwa mkopo. Wakashona miezi minne, usiku watoto wakishalala. Nilipompelekea mwenye duka, alichukua vichache, vingine akarudisha. Akasema wateja wanapata vya mashine kwa bei ya chini. Deni la uzi tulililipa kwa pesa za merigoraundi. Kikundi kikavunjika.

Mama mmoja alikuja ofisini kwangu na mfuko wa nailoni umejaa vitambaa vyake. Akaviweka mezani, akaniuliza, "Madam, hizi vitambaa nitapikia watoto?" Sikuwa na jibu. Diploma yangu ilikuwa pale ukutani, naye alikuwa anaiangalia.

Wale mama walifanya kazi yao vizuri. Mimi ndiye nilifunga pete bila kuvuta uzi kujaribu. Sikuuliza bei, sikuandika, sikupeleka hata kitambaa kimoja cha mfano kwanza.

Tuhesabu pamoja

Ndiyo maana leo sitawaacha mwende nyumbani na fundo peke yake. Chukueni kalamu. Hii ni hesabu ya mfano; nyinyi mtaweka bei za kwenu.

Leso ya mkononi ina sentimita 25 kila upande, kwa hiyo kuizunguka ni sentimita 100. Pete moja ikichukua sentimita 1 na nusu ya ukingo, unahitaji pete kama 67. Mwanafunzi akitumia dakika 6 kwa pete, hiyo ni dakika 402, karibu saa 7. Tuseme unaiuza shilingi 250, na kitambaa na uzi vimekula 90. Inabaki 160. Gawanya kwa saa 7: hata shilingi 23 kwa saa haifiki. Ni nani hapa atakubali kufua nguo za watu kwa pesa hiyo? Hakuna. Lakini ukiwa umekaa kwako unashona, unajidanganya kwamba hukufanya kazi.

Sasa kola ya gauni la ubatizo. Sentimita 30, pete 20, saa 2, na nusu saa ya kushonea. Fundi wa nguo akikubali kuongeza shilingi 250 kwa gauni hilo, na uzi ni 20, umebaki na 230 kwa saa 2 na nusu, yaani 92 kwa saa. Uzi ni ule ule na mkono ni ule ule. Tofauti ni kwamba umechagua kitu kidogo ambacho mtu ananunua kwa siku kubwa, na kinaonekana karibu na uso wa mtoto. Basi tusikimbilie vitambaa vya meza. Mwoneni fundi wa nguo wa sokoni kwenu, mpelekeeni kipande cha mfano, mwulizeni atalipa ngapi, na muandike kabla ya kununua uzi.

Hatukuwa wa kwanza kujifunza hivyo. Njaa kuu ya Ireland ilipoanza mwaka 1845, viazi vikaoza mashambani, watawa karibu na mji wa Cork walifundisha wasichana na akina mama lesi ya krosheti, na nyumba nyingi zilipata chakula kwa kazi hiyo. Mwanamke mmoja, Eléonore Riego de la Branchardière, alichapisha vitabu vya mitindo ya krosheti na vya tatingi pia, kazi hizi zikaenea. Lakini baadaye mashine zikajifunza kuiga lesi na mitindo ya nguo ikabadilika, na soko likapungua. Kwa hiyo lesi inaweza kulisha nyumba, ndiyo. Isiwe jiko lenu pekee. Kuku wenu msiwauze.

Namalizia. Yule mama wa mfuko wa nailoni yuko hapa leo. Hataki nimtaje jina. Yeye ndiye atakayewashika mikono mchana huu, meza hadi meza, na yeye ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha sasa. Kabla hajakubali kurudi aliniuliza swali moja tu: "Bei imeandikwa wapi?" Nikamwonyesha daftari. Hapo ndipo akavua koti.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, kuna kitu tunachotengeneza ambacho hatujawahi kuhesabu saa zake? Tuhesabu kimoja leo.
2. Nani karibu nasi anaweza kununua lesi kidogo kidogo: fundi wa nguo, parokia, shule? Nani atapeleka mfano, na lini?
3. Makubaliano yetu na wanunuzi yameandikwa wapi, na nani anaruhusiwa kuyasoma?