Nati Isiyo ya Bolti Yake

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya nati. Ndiyo, nati hii ya chuma ikazwayo kwa spana. Msicheke kwanza.

Sisi twakaa juu katika milima ya Mau, upande wa Mau Narok, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua ikinyesha, njia za mashambani huwa utelezi mtupu, na Nakuru huwa mbali sana. Kwa hiyo kanisa letu limetunza Land Rover moja kuukuu, iliyoundwa mwaka 1963, mwaka ule ule tuliopata Uhuru. Hubeba viazi, hubeba viti vya arusi, na usiku hubeba wagonjwa kuwapeleka hospitalini.

Gari la namna hii lina historia yake. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, nchi za Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana kwamba bolti zao ziwe na meno ya namna moja. Lakini mapatano ya karatasi hayabadili vyuma kwa siku moja. Kwa miaka mingi magari ya Kiingereza yalitoka yakiwa na bolti za zamani mahali pengine na bolti za mapatano mapya mahali pengine. Chukua bolti mbili zenye unene wa thumni tatu za inchi, yaani kama milimita 9 na nusu. Ile ya zamani ina meno 20 katika inchi moja. Ile mpya ina meno 24. Ukizishika mkononi utasema ni mapacha. Sio mapacha.

Basi siku moja nati zinazoshika propela ya nyuma zililegea na kulika. Propela ni lile pondo la chuma linalopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Sisi wa kamati tukashuka mjini Nakuru, tukanunua nati nne mpya, zinang'aa, bei nafuu. Tukampelekea fundi wetu, mzee aliyelihudumia gari hilo tangu ujana wake.

Mzee akaigeuza nati kwa vidole. Ikazunguka mara moja, mara ya pili ikagoma. Akaitoa. Akasema, "Wazee wangu, hii si ya bolti hii. Nati iliyo ya mahali pake huingia kwa vidole, spana huja mwisho. Nikiikaza kwa nguvu, nitaua na bolti ambayo ingali nzima. Nipeni siku tatu nitafute zilizo zake."

Siku tatu! Nasi tulikuwa na mazishi Jumamosi. Hapo ndipo tulipokosa. Mmoja wetu akasema mbele ya watu waliosimama pale kwamba mzee anachelewesha kazi ili aongeze malipo. Wengine tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kukawa ndiyo. Tukachukua ufunguo, tukampa kijana mwenye spana ndefu na mabega mapana. Nati zikaingia, zikilia. Tukampongeza.

Mazishi yalipita salama. Juma lililofuata, usiku, mama mmoja akashikwa na uchungu wa kuzaa. Tukateremka naye kuelekea Njoro. Katikati ya mteremko tukasikia mlio wa chuma chini yetu. Zile nati zilikuwa zimekula meno ya bolti zikachomoka, na ncha ya nyuma ya propela ikaanguka barabarani. Dereva akakanyaga breki, gari likasimama. Akavuta breki ya mkono, nalo likaanza kuteleza tena! Kwani katika Land Rover za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika propela hiyo hiyo, pale inapotoka kwenye giaboksi. Propela ikikatika, na breki hiyo imekwenda. Tuliruka nje gizani tukatafuta mawe ya kuzuia magurudumu, huku yule mama akilia ndani.

Mungu ni mwema. Lori la maziwa lilipita likamchukua, na mama na mtoto wake walipona. Sisi tulibaki. Dereva akafungua propela yote, akavuta mti mwekundu wa gia ndogo ili magurudumu ya mbele yavute peke yake, tukarudi nyumbani polepole bila mtu kusema neno.

Asubuhi tulijua la kufanya, au tulidhani twajua. Tulinunua sukari kilo nne na majani ya chai, tukaenda kwa mzee. Tukaketi. Tukazungumza habari za mvua na bei ya viazi. Tulipoweka mzigo mezani akautazama, akasema kwa upole, "Asanteni kwa sukari. Lakini wazee wangu, mmeniletea nati ya namna nyingine."

Tulielewa. Sisi hatukumwibia sukari. Tulimwibia jina, mbele ya watu. Sukari ilikuwa nzuri, iling'aa kama zile nati, lakini meno yake hayakulingana na kile tulichovunja.

Ndugu msikilizaji, je, wewe hujafanya hivyo? Mume amemtusi mkewe mbele ya watoto, kisha amnunulia kitambaa. Mzazi amemwadhibu mtoto kwa kosa lisilo lake, kisha ampa shilingi ya peremende. Twapenda kutoa kitu, maana kitu ni rahisi kuliko neno. Na yule mwingine akikataa, twakaza kwa nguvu: "Si nimeshakuletea? Wataka nini zaidi?" Hivyo twaua hata ule urafiki mdogo uliokuwa ungali mzima.

Bwana wetu alifundisha kwamba mtu akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake pale pale, aende kwanza wapatane. Hakusema aongeze sadaka.

Jumapili iliyofuata tulisimama kanisani, wote wa kamati, tukasema wazi: tulimsingizia mzee huyu, naye alisema kweli. Miguu ilitutetemeka. Hotuba yetu haikufika dakika mbili. Lakini tuliona lile neno likiingia kwa vidole, bila spana.

Jumatatu mzee alikuja mwenyewe, na bolti nne za meno 20 na nati zake mfukoni.

Leo, kabla hujatafuta zawadi, uliza kwanza ni kitu gani ulichovunja, kisha upeleke kile kile. Mungu awape ujasiri wa kufanya hivyo. Kwaherini, hadi tutakapokutana tena.