Tundu la Simu na Maneno Yaliyopotea



Katibu alinipa dakika kumi na tano akaniambia nichague jambo lolote lenye elimu ndani yake. Harufu ya wali wa Kyela imeshatufikia kutoka jikoni, kwa hiyo nitajitahidi nisizimalize. Nimechagua kuzungumza juu ya tundu. Nasema tundu lile dogo la simu, mahali sauti inapotokea. Wengine mtacheka kwamba mtumishi wa serikali mwenye shahada amefunga safari kuja kuhutubia juu ya tundu la simu. Chekeni, lakini mnisikilize, maana tundu hilo lilinigharimu heshima nyumbani kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi hapa wilayani. Ilikuwa mwezi wa Aprili, na kama mjuavyo, Aprili yetu si ya mchezo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko juu Rungwe, na Mto Kiwira ulikuwa unakuja na magogo. Barabara ya kwenda kijiji kimoja cha bondeni ilikuwa imekatika, nami nilitakiwa kuwaonya watu. Nikampigia mtendaji wa kijiji. Watu walikuwa wamekusanyika chini ya mwembe. Akafungua spika, akainua simu juu ya kichwa chake ili wote wasikie, nami nikapaza sauti kadiri nilivyoweza: "Leo msivuke! Nasema leo msivuke!"

Waliokaa mbele walinielewa. Waliosimama nyuma walisikia: "Leo mvuke."

Vijana wawili wakaingia mtumbwini na magunia sita ya mpunga. Katikati ya mto gogo likaupiga mtumbwi ukapinduka. Vijana, namshukuru Mungu, waliogelea wakashika matete. Mpunga ulikwenda ziwani. Mwenye mpunga ule ni baba yangu mdogo. Nilipofika siku ya tatu hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, si wewe uliyesema tuvuke?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta ile "si" ilipotelea wapi.

Sauti ni mawimbi ya hewa, yanayosafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Sauti nzito yenye mitetemo 300 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu unaozidi mita moja. Ile ya mitetemo 3,400, wimbi lake ni sentimita 10 tu. Wimbi refu likikutana na kitu kilicho kidogo kuliko lenyewe hukizunguka na kuendelea na safari. Wimbi fupi hupenda njia iliyonyoka, na huzuiwa hata na kiganja cha mkono. Wenzangu mnaikumbuka kengele yetu, lile rimu la lori lililoning'inia mtini. Ukiwa nyuma ya bweni ulisikia mvumo wake tu. Ule mlio mkali uliowaamsha wa upande wa mbele haukukufikia. Hoja hiyo niliitoa kila nilipochelewa mstarini, na haikukubaliwa hata mara moja.

Sasa katika maneno yetu, a, e, i, o, u ndizo zenye nguvu, nazo zina uzito. Herufi kama s na f ni hafifu, na mitetemo yao ni ya kasi sana. Sehemu kubwa ya s iko juu ya mitetemo 4,000, na simu ya kawaida kwa miaka mingi imekuwa ikipitisha kati ya 300 na 3,400 tu. Kwa hiyo "si" yangu ilianza kuliwa kabla haijafika kijijini. Simu na mitandao ya siku hizi yenye 4G inaweza kufikisha hadi 7,000 hivi, lakini ni pale tu simu zote mbili na mtandao vinapokubaliana. Na Kiswahili chetu, kwa bahati mbaya, kimetundika jambo zito sana kwenye kamba hiyo nyembamba: ondoa "si", na katazo limekuwa amri.

Kile kidogo kilichofika ndicho kilichokutana na tundu. Mtengenezaji wa simu ana kazi ngumu. Ndani ya kitu chembamba kama milimita nane lazima aweke utando unaopiga hewa kama ngozi ya ngoma. Utando huo ukisukuma hewa mbele, nyuma yake unaivuta, na sauti hizo mbili zikikutana huuana. Ndiyo maana spika hufungiwa katika kisanduku chake kisichovuja, na sauti ya mbele hupitishwa katika kijia chembamba hadi nje. Simu nyingi za vitufe zina tundu mgongoni. Ukiilaza chali juu ya kitambaa cha meza, umeiziba mdomo. Nyingi za kioo zinalo ubavu wa chini, karibu na mahali pa chaji. Nyingine, mathalani iPhone 7 ya mwaka 2016, zinatumia pia spika ya sikioni ili sauti itoke ncha zote mbili. Hilo linafaa kwa muziki ukiwa umeishika mbele ya uso. Halimfai mtu aliyesimama hatua ishirini chini ya mwembe. Tundu la milimita chache haliwezi kuyakusanya maneno yaende upande mmoja. Hutawanyika, na kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Tena mtendaji wetu alikuwa ameishika simu kwa chini, kiganja juu ya tundu. Simlaumu. Mimi mwenyewe ningeishika hivyo hivyo.

Watu wetu hawakumngoja mtengenezaji. Kule Lyulilo, karibu na Matema, akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu vyao sokoni kwa mitumbwi, na nyumbani kwa baba mdogo kimoja cha vyungu hivyo kina kazi moja tu: kutiwa simu ndani yake ili redio ivume nyumba nzima. Nilipokwenda kumwomba radhi tulifanya jaribio. Nilitoka nje na simu ya pili, nikawa nasoma maneno: vuka, usivuke, hama, usihame. Chungu kilitoa sauti kubwa ajabu, lakini mzee alikosea karibu kila neno. Chungu kina sauti yake chenyewe, nzito. Hukuza zile zinazofanana nayo, na hizo kali hugongana ndani mpaka zinachuja.

Kisha tukachukua karatasi ngumu ya kalenda ya zamani, tukaiviringisha kama pembe: ncha nyembamba tukaibana kwenye tundu la simu, mdomo wa mbele ukawa na upana wa shibiri moja. Shibiri ni pana kuliko yale mawimbi ya sentimita 10, ndiyo maana pembe huweza kuyaelekeza. Sauti haikuwa kubwa kama ya chungu, lakini akiwa mbele ya mdomo wa pembe mzee alipata maneno mengi. Akacheka, akasema: "Hii inasema Kiswahili. Ile ya chungu ilikuwa inasema Kikisi."

Hata hivyo "usivuke" ilimsumbua hadi mwisho, kwa sababu pembe haiwezi kurudisha kilicholiwa njiani. Kwa hiyo siku hizi siwaambii watu "msivuke" kwa simu. Nasema: "Ni marufuku kuvuka. Kaeni huko huko." Halafu namwomba mtu aliye nyuma kabisa, si wa mbele, anirudishie nilichosema.

Wazee waliokuwapo mwaka 1973 wananiambia hakuna jipya hapo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoshirikisha watu kama milioni mbili nchini, vikundi vilikaa kuizunguka redio yenye spika pana kama kiganja au zaidi, ikiwatazama wasikilizaji usoni, na kiongozi wa kikundi alikuwapo kuongoza mazungumzo. Sisi tuna chombo cha ajabu kuliko redio ile, nacho tunakiinua juu kikiwa kinaongea na mkono wetu.

Naona Ndugu Katibu ananionyesha saa. Nimeleta karatasi mbili za manila na chungu kimoja cha Ikombe. Vijana wa kidato cha pili wamekubali kusimama kwenye goli la mbali, na kalamu zao, waandike wanachosikia. Baada ya chakula tutahesabu hatua. Baba mdogo yuko pale nyuma, shati la bluu. Yeye ndiye atakayesahihisha.